Tezi Dume Inayovimba Tena na Tena: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kupunguza Marudio

Mwanaume wa Ngamiani au Makorora, hapa mjini Tanga, anayepatwa na maumivu ya msamba, mkojo unaochoma na kiuno kinachouma kwa kawaida hupita njia ileile: anapima mkojo, anaambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa vidonge vya siku tano au saba, anapata nafuu, na baada ya wiki chache maumivu yanarudi palepale. Safari ya pili hapimi tena, bali hubeba ganda la dawa ya mwanzo hadi dukani na kuomba ileile. Yakifika marudio ya nne huwa ameshatumia antibayotiki za aina kadhaa, hakuna hata moja iliyochaguliwa kwa kipimo, wala hakuna awezaye kusema ni ugonjwa gani hasa unaorudi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyefika hapo. Sehemu kubwa ya marudio huanzia kwenye kosa moja, nalo ni kutibu kabla ya kujua aina ya ugonjwa. Ndiyo maana hatua za kutambua zimepewa nafasi kubwa hapa kuliko hatua za kumeza dawa.

Kuvimba kunakozungumzwa si kule kukua kwa tezi kunakowapata wanaume wengi wazeekapo, wala si saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Kuvimba huwapata hata vijana, na kwa wanaume walio chini ya miaka 50 ndilo tatizo la tezi dume linaloonekana zaidi kliniki.

Dalili ambazo hazingoji hatua yoyote

Mwanaume mwenye maumivu ya kinena au msamba pamoja na homa kali na kutetemeka, au aliyeshindwa kabisa kukojoa huku kibofu kimejaa, aende hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku. Hiyo huenda ikawa aina ya ghafla, ambayo bakteria wake wanaweza kuingia katika damu kwa haraka, na ambayo ikicheleweshwa inaweza kufanya jipu ndani ya tezi, hasa kwa mwenye kisukari au mwenye kinga dhaifu. Katika hali hiyo tezi haikandwi kwa namna yoyote, kwa kuwa kuikanda husukuma bakteria kwenye damu. Mambo mengine yote ya mwongozo huu yanasubiri hadi homa ishuke.

Fahamu aina nne kabla ya kulaumu dawa

Mgawanyo unaotumiwa na madaktari duniani ulipatikana katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Marekani mwaka 1995. Aina ya kwanza ni maambukizi ya ghafla ya bakteria, yaliyotajwa hapo juu. Aina ya pili ni maambukizi sugu ya bakteria, ambayo alama yake kubwa ni UTI inayojirudia kwa bakteria yuleyule, na katikati ya marudio mgonjwa anaweza kuwa mzima kabisa. Aina ya tatu ni maumivu sugu ya nyonga yaliyodumu au kujirudia kwa miezi 3 au zaidi bila bakteria kuonekana. Aina ya nne haina dalili zozote na hugunduliwa mtu anapopimwa jambo jingine.

Jambo linalowashangaza wagonjwa wengi ni uwiano wa aina hizo. Katika kila wanaume 10 wenye dalili za muda mrefu, takribani 9 wana aina ya tatu, yaani hawana bakteria wa kuuawa. Kwa hiyo mwanaume anayenunua antibayotiki kila maumivu yanaporudi, kwa hesabu hiyo peke yake, ana uwezekano mkubwa wa kumeza dawa isiyohusika na ugonjwa wake. Nafuu anayoipata huenda ikatokana na uwezo wa baadhi ya dawa hizo kutuliza uvimbe kwa muda, au na mwenendo wa ugonjwa wenyewe, ambao hupanda na kushuka hata usipotibiwa.

Kwa nini bakteria hubaki ndani ya tezi

Kwa wachache wenye bakteria kweli, umbile la tezi lenyewe huchangia. Tezi dume iko chini ya kibofu na inazunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina uzito wa kama gramu 20. Ndani yake kuna vijifereji vingi, na vile vya sehemu ya nje hufunguka kwenye mrija karibu kwa mlalo, hivyo haviteremshi majimaji yake kwa urahisi. Mkojo unapotoka kwa msukumo mkubwa, kwa mfano mrija ulipobana au misuli ya nyonga isipolegea, sehemu ya mkojo huo hurudi nyuma na kuingia katika vijifereji, ikibeba bakteria na chumvi. Chumvi hizo hushiriki katika kujenga vijiwe vidogo, na juu ya vijiwe bakteria hujitandazia utando unaowakinga. Mle ndani hukaa kama pweza katika pango lake: dawa hupita nje, mkojo unapimwa na kuonekana safi, na dawa ikiisha hutoka tena.

Sababu nyingine ni dawa kutofika. Wakati wa uvimbe wa ghafla, ukuta kati ya damu na tezi hulegea na dawa nyingi hupenya. Uvimbe ukishakuwa sugu, ukuta huo hurudi kuwa imara, na dawa kadhaa zinazosafisha mkojo vizuri haziingii kwenye tezi kwa kiwango cha kutosha. Amoksilini na nitrofurantoini ni mifano. Siprofloksasini na levofloksasini hupenya vizuri zaidi. Kotrimoksazoli, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa jina la Septrin, nayo hutumika bakteria wakithibitika kuwa si sugu kwake. Ndiyo maana mtu anaweza kupewa dawa sahihi kwa mkojo na isiyo sahihi kwa tezi, akapona kwa wiki tatu, na kurudi.

Na ipo sababu ya tatu, ambayo haihitaji darubini: muda. Maambukizi sugu ya tezi hutibiwa kwa wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi, ilhali dozi ya UTI ya kawaida ni ya siku chache. Mgonjwa aliyeacha dawa siku ya kumi kwa sababu maumivu yamekwisha amewaondoa bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio imara.

Hatua ya kwanza: andika historia ya marudio

Chukua daftari na uandike kila rudio unalolikumbuka: lilianza lini, liliambatana na homa au la, mkojo ulichoma au maumivu yalikuwa ya msamba na korodani tu, ulipewa dawa gani, kwa siku ngapi, ulimaliza au hukumaliza, na nafuu ilidumu kwa muda gani. Kama makaratasi ya maabara yapo, yabandike humo. Andika pia maumivu wakati wa kutoa manii, damu kwenye manii au mkojo, na kama mtiririko wa mkojo umekuwa dhaifu. Wanaume wengi huona haya kuyasema haya mbele ya daktari kijana, na kwa kuyaandika huepuka haya hiyo bila kuficha kitu.

Kwa wenye maumivu ya muda mrefu ipo fomu ya maswali iliyotungwa Marekani mwaka 1999, ambayo huhesabu maumivu, shida za mkojo na athari kwa maisha, kuanzia alama 0 hadi 43. Daktari wako akiwa nayo, ijaze mwanzo na kila baada ya matibabu. Kupungua kwa alama 6 huhesabiwa kuwa nafuu ya kweli. Bila kipimo cha namna hiyo, mtu aliyepata nafuu ya nusu hudhani hajapata kitu na kukimbilia dawa nyingine.

Hatua ya pili: pima kabla ya kumeza chochote

Kipimo cha mkojo cha kawaida, kinachohesabu chembe za usaha, hakitoshi. Kinachohitajika ni kuotesha mkojo, yaani kuulea maabara kwa siku mbili au tatu ili bakteria ajulikane kwa jina na dawa zinazomuua zijulikane. Ombeni kipimo hicho kwa jina lake. Si kila kituo cha afya kinaotesha, hivyo ni busara kuuliza kwanza katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo au maabara nyingine kubwa ya mjini kabla ya kutoa sampuli mahali ambapo haitaoteshwa. Sampuli ichukuliwe katikati ya mkojo, baada ya kuosha uume na kuachia mkojo wa mwanzo, nayo ifike maabara mapema, kwa sababu katika joto la Tanga bakteria huzaliana ndani ya kichupa na kuharibu jibu.

Kwa maumivu ya muda mrefu, kipimo chenye thamani zaidi ni cha vichupa viwili. Mgonjwa hutoa mkojo wa kawaida katika kichupa cha kwanza, daktari huikanda tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa kwa takribani dakika moja, kisha mgonjwa hutoa mkojo kidogo katika kichupa cha pili. Bakteria wakiwa mara 10 au zaidi katika kichupa cha pili kuliko cha kwanza, makazi yao ni tezi. Vichupa vyote viwili vikikosa bakteria, uzito unahamia aina ya tatu. Kipimo hiki ni ufupisho wa kile cha vichupa vinne kilichoelezwa mwaka 1968 na Meares na Stamey, nacho hufanyika pasipo mashine ya gharama. Hufanywa mgonjwa akiwa hana homa, na akiwa hajatumia antibayotiki kwa wiki kadhaa, sharti ambalo linawashinda wengi. Kuhusu kidole chenyewe, inatosha kusema kwamba uchunguzi huo ni wa dakika chache, na kwamba wanaume wanaoukataa hulipia haya yao kwa miaka ya kutibiwa kwa kubahatisha.

Pamoja na hayo, pima sukari, virusi vya Ukimwi, na magonjwa ya zinaa yakiwemo kisonono na klamidia. Klamidia haioti kwenye kuotesha kwa kawaida, kwa hiyo jibu lisilo na bakteria halimaanishi kwamba haipo. Ikipatikana, mwenzi hutibiwa pamoja, vinginevyo mnarudishiana.

Mwambao wetu una sababu mbili za ziada ambazo vitabu vya Ulaya huzipitia kwa mstari mmoja. Ya kwanza ni kichocho cha mkojo. Aliyekulia karibu na mito, mabwawa na mashamba ya mpunga, akioga na kuvua humo, anaweza kuwa na mayai ya kichocho katika kibofu, tezi dume na vifuko vya manii. Damu mwishoni mwa mkojo, au damu kwenye manii, ni ishara ya kuifuatilia. Mkojo wa kipimo hiki utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ambapo mayai hutoka kwa wingi. Tiba yake ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na hakuna antibayotiki inayoweza kuchukua nafasi yake.

Ya pili ni kifua kikuu cha njia ya mkojo. Mkojo wenye chembe nyingi za usaha ambao kila ukioteshwa hauoti kitu unapaswa kupimwa kifua kikuu, hasa kwa aliyewahi kuugua au kuishi na mgonjwa. Hapa siprofloksasini na levofloksasini za kujinunulia zina madhara ya pekee: hudhoofisha vimelea vya kifua kikuu kiasi cha kuvificha, bila kuviponya.

Hatua ya tatu: bakteria wakipatikana, tibu hadi mwisho

Dawa ichaguliwe na daktari kwa kufuata jibu la maabara, na imezwe kwa wiki zote zilizoandikwa. Siprofloksasini isimezwe pamoja na maziwa au mtindi, dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, wala vidonge vya madini ya chuma, kwa kuwa vitu hivyo huifunga tumboni isiingie mwilini; imezwe saa mbili kabla ya dawa hizo au saa sita baada yake. Mtu anayekunywa glasi ya maziwa kila usiku na kidonge juu yake anaweza kumaliza wiki sita bila kufikisha dozi kamili kwenye tezi.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango. Dawa ya mara mbili kwa siku inaweza kugawanywa kati ya futari na daku, ingawa nafasi za saa hazitalingana, na maji hupungua mchana kutwa. Mwenye homa au maambukizi makali ameruhusiwa kisheria kufungua na kulipa baadaye, na ni vyema azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Acha dawa na urudi kwa daktari ukipata maumivu ya ghafla ya mshipa wa kisigino au bega, ganzi ya miguu, au mvurugiko wa fikra, kwa kuwa dawa za kundi la siprofloksasini zina madhara hayo, na hatari huongezeka kwa waliozidi miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Wiki chache baada ya dozi kwisha, otesha mkojo tena hata kama hujisikii vibaya. Akirudi bakteria yuleyule, amebaki ndani ya tezi. Akija mwingine, umeambukizwa upya, na kinachotafutwa sasa ni mlango anaoingilia.

Hatua ya nne: tafuta mlango

Kipimo cha ultrasaundi, kinachofanywa kabla na baada ya kukojoa, huonyesha mkojo uliobaki kibofuni. Mkojo unaobaki hulea bakteria, na sababu yake yaweza kuwa tezi iliyokua au mrija uliobana baada ya kisonono cha zamani, kuumia au mpira wa mkojo. Mrija uliobana usipopanuliwa, antibayotiki hazitamaliza kazi. Kisukari kisichodhibitiwa nacho ni mlango, na ni rahisi kukipima kuliko vingine vyote.

Hatua ya tano: bakteria wasipopatikana

Aliyefika hapa anahitaji kubadili mwelekeo, na hii ndiyo hatua ngumu kwa wagonjwa na hata kwa baadhi ya watoa tiba, kwa sababu kuambiwa hakuna bakteria husikika kama kuambiwa huumwi. Maumivu ni ya kweli. Chanzo chake kwa wengi ni mchanganyiko wa misuli ya sakafu ya nyonga iliyokaza bila kulegea, mishipa ya fahamu iliyozidi wepesi wa kuhisi, na msongo wa mawazo unaovikaza vyote viwili. Huenda maambukizi ya zamani ndiyo yaliyoanzisha, nayo yakapona, misuli ikabaki na desturi ya kujikunja.

Daktari anaweza kujaribu tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, miligramu 0.4 kwa siku, hasa kwa mwenye shida ya kukojoa, pamoja na dawa za kutuliza uvimbe kwa muda mfupi. Antibayotiki zikishajaribiwa mara moja kwa dozi kamili bila mafanikio, kuzirudia hakuna maana. Kinachosaidia zaidi baadhi ya wagonjwa ni fiziotherapia ya misuli ya nyonga. Katika kungoja miadi, kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa robo saa jioni, kisha lala chali na uvute pumzi hadi tumboni, ukiacha msamba ulegee kila unapovuta. Epuka mazoezi ya kubana misuli yanayosifiwa mitandaoni, kwa kuwa misuli iliyokwisha kukaza huongezewa maumivu.

Tanga ni mji wa baiskeli, na haitakuwa haki kuziacha. Baiskeli haileti bakteria kwenye tezi, lakini kiti chembamba hukandamiza msamba na kuamsha maumivu yaliyokuwa yamelala. Aliyezoea kwenda nayo kazini kutoka Pongwe si lazima aiuze. Atafute kiti kipana chenye mfereji katikati, akilaze sawa bila ncha kuinuka, na asimame kwenye pedali kila baada ya muda. Dereva wa bodaboda na wa basi la Dar es Salaam ashuke na kutembea kila anapopata kituo. Kahawa chungu, pombe na pilipili huchochea dalili kwa baadhi ya watu tu, kwa hiyo acha kimoja kimoja kwa wiki mbili na uandike daftarini, badala ya kujinyima vyote kwa uvumi. Tendo la ndoa halikatazwi. Aelezwe mke kwamba ugonjwa huu, magonjwa ya zinaa yakishaondolewa kwa kipimo, haumwambukizi.

Dawa za mitishamba zinazouzwa kwa ahadi ya kumaliza tezi dume kwa chupa moja zisichanganywe na dawa za hospitali bila daktari kujua. Baadhi ya dawa hizo huwa zimetiwa dawa za viwandani kwa siri.

Hatua ya sita: rufaa, na kile cha kubeba

Omba rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, iwe hospitali ya KCMC Moshi au Muhimbili, ikiwa bakteria yuleyule amerudi baada ya dozi kamili, ikiwa kuna damu kwenye mkojo isiyo na maelezo, au ikiwa maumivu hayajapungua baada ya miezi kadhaa ya hatua ya tano. Bingwa anaweza kuamua dozi ndogo ya muda mrefu ya kuwazuia bakteria, au kamera ya kuangalia mrija na kibofu. Upasuaji kwa ajili ya kuvimba peke yake ni nadra.

Beba daftari, majibu yote ya kuotesha, picha za ultrasaundi na maganda ya dawa. Kama umepimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, taja tarehe yake na kama ulikuwa na uvimbe siku hiyo. Kuvimba hupandisha PSA hata pasipo saratani, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa katikati ya rudio hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya matibabu kwisha, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kukata kinyama cha kupima.